Nukta Moja Mbele ya Jina

Mathe aliponiambia kompyuta ya Baba iuzwe, alinipa kazi moja tu: futa kila kitu, mnunuzi anakuja Jumamosi. Nikafungua folda ya Baba. Karibu tupu. Filamu zake zilikuwa kwenye hard disk ya pembeni ambayo binamu alishabeba baada ya mazishi. Kabla ya kufuta nikabonyeza Ctrl na H, kuhakikisha tu. Zikatokea folda kama kumi hivi, zote majina yakianza na nukta. Moja iliitwa .kodi.

Si ile ya mwenye nyumba. Kodi ni programu ya kucheza filamu na muziki. Ilianza mwaka wa 2002, ikitengenezewa Xbox ambazo wajanja walikuwa wamezifungua. Kwa miaka mingi iliitwa XBMC, hadi 2014 ilipobadilishwa jina. Mimi ndiye niliyemwekea Baba, juu ya Linux, nikiwa mwaka wa pili chuo, ili kompyuta ya chumbani iwe seva na runinga ya sebuleni ivute filamu kutoka huko. Mwaka uliofuata nikaacha chuo. Baada ya hapo tulikuwa watu wa salamu tu.

Lakini kwa nini folda ijifiche? Nilidhani ni mambo ya usalama. Kumbe ni ajali.

Unix ilianza 1969 katika maabara za Bell, New Jersey, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mfumo wa faili ulipokuwa ukiundwa, kila folda ilipewa majina mawili ya kusaidia mtu kutembea: nukta moja, yaani "hapa nilipo", na nukta mbili, yaani "folda ya juu yangu". Shida ni kwamba ukiitisha orodha ya faili kwa amri ya ls, hayo mawili yalijitokeza kila mara, yakiboa. Mmoja wao akaongeza sharti dogo: jina likianza na nukta, liruke. Hakuangalia jina lote, aliangalia herufi ya kwanza peke yake. Njia ya mkato.

Kuanzia hapo, faili yoyote yenye nukta mbele ikawa haionekani, na waunda programu wakapata pahali pa kutupia mipangilio yao bila kusumbua mtu. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell baadaye, alisimulia kisa hicho 2012. Kwa maoni yake, kuficha faili hakukukusudiwa, na lilikuwa kosa. Linux ilirithi tabia hiyo nzima nzima.

Kwa hivyo hakuna aliyemfichia mtu siri. Baba mwenyewe hakujua folda hiyo ipo.

Nikaingia. Faili ya sources.xml ilikuwa na orodha ya mahali filamu zilikokaa. Katika guisettings.xml, saizi ya maandishi ya tafsiri ilikuwa imeongezwa. Si mimi niliyeongeza. Macho yake yalikuwa yanaanza kuchoka na hakutuambia. Halafu kuna hifadhidata ya video, ambamo Kodi huandika kila kilichochezwa, mara ngapi, na mwisho lini.

Nilitarajia filamu za vita. Zilikuwepo. Lakini juu yake kulikuwa na video ya drama ya shule yetu ya upili, mchezo niliouandika mimi nikiwa kidato cha tatu. Imechezwa mara 9. Mara ya mwisho ilikuwa wiki tatu kabla alazwe hospitali. Muda huo wote mimi nilikuwa nikiandika makala, nikijiambia kwamba kwake hiyo si kazi.

Jumamosi mnunuzi alikuta kompyuta safi. Folda moja niliinakili kwenye flash yangu. Nimeibadilisha jina, nikaondoa nukta.