UZI: Kabla hujapigia makofi "ngumbaru ya simu", soma historia yake

1/ Kila msimu wa kampeni kuna mtu hushika maikrofoni akaahidi kupeleka masomo ya watu wazima kwenye simu na kompyuta. Upande mmoja hupiga makofi. Upande wa pili husema hiyo ni pesa inatafutiwa njia ya kuliwa. Kinachonisumbua ni kwamba pande zote mbili huongea kana kwamba jambo hili linaanza leo. Halianzi leo. Wacha niwaeleze lilikotoka, bila kutaja jina la mwanasiasa wala chama.

2/ Tuanze na neno lenyewe. Wengi wetu tumekua tukisikia "ngumbaru" ama "gumbaru" kama kejeli. Mtoto akishindwa kusoma darasani anaambiwa aende huko na nyanya yake. Ikumbukeni hiyo kejeli, maana imechangia kuua madarasa mengi kuliko ukosefu wa chaki.

3/ Masomo yenyewe ni ya zamani. Jeanes School ilianzishwa Kabete mwaka 1925 kuandaa walimu wa vijijini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa inafunza wanajeshi waliorudi nyumbani na watu wa maendeleo ya jamii. Baada ya uhuru, maadui watatu tulioambiwa tupigane nao walikuwa ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1966 ikapitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa hivyo mtu akikuambia hakujawahi kuwa na msingi wa kisheria, mwambie uliwekwa miaka karibu 60 iliyopita.

4/ Mashine ya kwanza iliyoletwa kwa kazi hii ilikuwa redio, ikisaidiwa na posta. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa barua huko Kikuyu. Mwanafunzi anatumiwa vijitabu kwa posta, anasikiliza kipindi Voice of Kenya, anafanya zoezi, analirudisha lisahihishwe. Hiyo ni "e-learning" kabla ya intaneti.

5/ Na ilisaidia watu. Walimu wengi ambao hawakuwa na vyeti kamili walipanda daraja kwa njia hiyo. Lakini angalia ni nani alifaidika: mtu aliyekuwa tayari anajua kusoma, mwenye anwani ya posta, na anayejua kwamba akimaliza mshahara utaongezeka. Mama wa shambani ambaye hakuwahi kushika kalamu hakuwa kwenye hesabu. Mashine ilimfikia aliyekuwa karibu na mlango tayari.

6/ Majirani zetu Tanzania walijaribu njia tofauti. Mwaka 1973 waliendesha kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ikafikia karibu watu milioni 2. Redio haikuachwa iongee peke yake. Watu waliketi kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyefunzwa na kijitabu. Wakishasikiliza, wanajadiliana, halafu wanaenda kufanya kazi: kuchimba choo, kufyeka nyasi kando ya nyumba, kusafisha visima. Redio ilikuwa sehemu moja tu ya darasa.

7/ Turudi nyumbani. Tarehe 12 Desemba 1978, siku ya Jamhuri, likatolewa agizo la rais kwamba ujinga wa kutojua kusoma umalizwe. Lengo lilikuwa miaka mitano. Mwaka 1979 Idara ya Elimu ya Watu Wazima ikaundwa, ikawekwa chini ya wizara ya huduma za jamii, si ya elimu. Mwaka huo wa kwanza watu zaidi ya 400,000 walijiandikisha, wengi wao wanawake. Chini ya miti, kanisani, kwa ofisi ya chifu, mahali popote penye ubao.

8/ Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia walikuwa wanaenda saa nane mchana, baada ya shamba na kabla ya kukamua ng'ombe. Alijifunza kuandika jina lake, kusoma majina ya magari na kuhesabu pesa ya majani chai bila kumwita mtoto. Hakumaliza. Mwalimu alikuwa wa kujitolea, akilipwa kidogo sana, na siku moja akapata kazi mjini. Hakuna aliyeletwa badala yake.

9/ Hiyo ndiyo hadithi ya nchi nzima. Miaka mitano ikaisha, ujinga haukuisha. Bajeti ikabana, walimu waliostaafu hawakubadilishwa, na waliojua kusoma wakakosa kitu cha kusoma kijijini wakasahau. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 idadi ya wanafunzi ilikuwa imeporomoka hadi karibu robo ya ile ya 1979. Agizo lilikuwa na nguvu ya kujaza madarasa, lakini halikuwa na mshahara wa kuyaweka wazi.

10/ Katikati hapo kuna kisa ambacho watu wa siasa hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1982 redio ya jamii ilifunguliwa Homa Bay kwa msaada wa UNESCO, moja ya za kwanza kabisa Afrika. Vifaa vilikuwa vya bei nafuu, lugha ilikuwa ya wenyeji, vipindi vilikuwa vya afya, kilimo na elimu. Mwaka 1984 serikali ikaifunga. Mitambo haikuwa shida. Shida ilikuwa nani anaruhusiwa kuongea na mwananchi moja kwa moja kwa lugha yake. Kwa hivyo mtu akikuahidi jukwaa la kidijitali la jamii, muulize ufunguo utakaa kwa nani.

11/ Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo. Januari 2004 mzee Kimani Maruge, akiwa na umri wa miaka 84, akaingia darasa la kwanza Eldoret akiwa amevaa soksi ndefu na kaptura. Dunia ikashangaa. Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa: alitaka kujisomea Biblia, na alitaka kujua kuhesabu pesa kama fidia ya wapiganiaji uhuru ingekuja. Kwa maneno mengine, hakutaka kudanganywa, kanisani wala benki.

12/ Nasema hivi kwa sababu hoja inayorudi kila siku ni "wazee hawataki kusoma". Maruge alitaka. Wale 400,000 wa 1979 walitaka. Mtu mzima hataki kupotezewa wakati, na hataki kuchekwa. Ukimpa sababu na heshima, atakuja.

13/ Mwaka 2006 serikali ilifanya utafiti wa kitaifa kuhusu kisomo cha watu wazima. Majibu: asilimia 61.5 ya watu wazima ndio waliofikia kiwango cha chini cha kusoma na kuandika. Waliobaki walikuwa kama milioni 7.8. Nairobi ilipita asilimia 80. Kaskazini Mashariki haikufika 10. Hii ni nchi moja, wimbo mmoja wa taifa.

14/ Mwaka uliofuata, 2007, M-Pesa ikaanza. Kwa maoni yangu hilo ndilo darasa kubwa zaidi la watu wazima ambalo Kenya imewahi kuwa nalo, na hakuna aliyeliita darasa. Watu wasiojua kusoma walikariri menyu kwa mpangilio: bonyeza ya kwanza, halafu ya pili, weka namba. Walijifunza kwa sababu kulikuwa na pesa ya mtoto kutoka Nairobi, na kwa sababu kulikuwa na ajenti pale dukani wa kuuliza.

15/ Lakini darasa hilo lilikuwa na tundu. Asiyejua kusoma ujumbe humpa mtu mwingine amsomee. Asiyeweza kubonyeza humpa mtu mwingine namba ya siri. Ndio maana matapeli wa "nimekutumia kimakosa, nirudishie" huwapata watu fulani kuliko wengine. Kujua kubonyeza si sawa na kujua kusoma. Tofauti ya hizo mbili inaliwa na tapeli.

16/ Karibu na mwaka 2010 zikaja Pasha, vituo vya kidijitali vya vijijini. Mpango ulikuwa wafanyabiashara wapewe mafunzo na mikopo, wafungue vituo vya kompyuta, wajilipe kwa kuuza huduma. Ilikuwa nia nzuri. Lakini mtu mwenye mkopo huuza kinacholipa haraka: kupiga chapa, kutoa kopi, kujazia watu fomu. Kumfundisha mama kujaza fomu mwenyewe ni kujiharibia biashara. Hakuna anayekatwa lawama hapo, ni hesabu tu.

17/ Halafu ikaja ahadi ya vipakatalishi vya shule ya 2013, iliyogeuka kuwa vishikwambi vya darasa la kwanza kuanzia 2016. Unaweza kupinga ama kuunga mkono, lakini angalia nani hakuwepo kwenye mjadala wote: mzazi wa huyo mtoto wa darasa la kwanza. Machi 2020 shule zikafungwa kwa sababu ya korona na masomo yakahamia redio, runinga na mtandao. Ghafla mzazi ndiye akawa mwalimu msaidizi. Sensa ya 2019 ilikuwa imeshatuambia ni asilimia 22.6 tu ya watu wa miaka 3 na zaidi waliokuwa wakitumia intaneti, na 10.4 kompyuta.

18/ Na leo? Tangu 2023 maelfu ya huduma za serikali yamewekwa eCitizen. Bima ya afya mpya ya 2024 unajisajili mtandaoni ama kwa kubonyeza *147#. Mimi sipingi. Foleni nimezipiga za kutosha. Lakini tukubaliane kitu kimoja: serikali imehamia kwenye simu kabla ya kuwafundisha raia wake kusoma simu.

19/ Shangazi yangu yule wa 1979 alihitaji huduma fulani ya serikali. Akaenda saiba sokoni. Kijana akamfungulia barua pepe, akaweka nywila anayoijua yeye mwenyewe, na namba ya simu yake mwenyewe kwa uthibitisho kwa sababu shangazi alikuwa amesahau mulika mwizi nyumbani. Akalipwa, akashukuriwa. Miezi kadhaa baadaye shangazi alihitaji kuingia tena. Kijana alikuwa ameshahama. Akaunti ina jina lake, kitambulisho chake na picha yake, na hawezi kuifungua. Alinipigia akisema, "Mwanangu, ni kama nimepangisha nyumba yangu nikapoteza ufunguo." Tulihangaika wiki tatu.

20/ Huyu ni mtu anayeweza kuandika jina lake. Sasa fikiria yule ambaye hawezi. Ndio maana mimi sikubaliani na wanaosema elimu ya watu wazima kwa kidijitali ni anasa. Imeshakuwa mlango wa kuingilia hospitali.

21/ Pia sikubaliani na wanaosema programu ya simu itamaliza kazi. Angalia historia tuliyopitia. Palipofaulu, kulikuwa na sababu ya wazi ya kujifunza, mtu wa karibu wa kuulizwa, na lugha anayoelewa mwanafunzi. Palipoanguka, vifaa vilikuja na mwalimu akakosa mshahara, ama mwenye uwezo akakata waya.

22/ "Hiyo ni kazi ya kaunti." Polepole. Katiba ya 2010, Nyongeza ya Nne, inazipa kaunti chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na malezi ya watoto. Elimu ya watu wazima haijatajwa kwenye orodha hiyo. Wakati huohuo, Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya elimu, na Kifungu cha 53 kinasema elimu ya msingi ya bure na ya lazima ni ya mtoto. Kwa hivyo mtu mzima ana haki, lakini hana neno "bure". Hapo katikati ndipo kila ofisi inamsukumia mwenzake mpira.

23/ Tumeahidiwa pia vituo vya kidijitali katika wadi zote 1,450. Vizuri. Ila kituo chenye intaneti ya bure na bila mwalimu wa watu wazima kitajaa vijana wenye simu kubwa. Si kosa lao. Mama wa miaka 55 ataona haya kuingia, maana kejeli ya ngumbaru bado iko hai.

24/ Kwa hivyo anayeomba kura yako akisema "ngumbaru ya simu", muulize haya:
– Mwalimu ni nani, na mshahara wake uko kwenye bajeti gani?
– Somo linafanya kazi kwa kabambe, ama ni la simu kubwa na bando pekee?
– Ni kwa lugha gani?
– Somo la kwanza litamwezesha kufanya nini kesho asubuhi?
– Nani anamiliki jukwaa, na linaweza kuzimwa na nani?
– Masaa ni yapi? Maana saa nne asubuhi mama yuko shambani.

25/ Akiweza kujibu manne kati ya hayo sita, msikilize. Akijibu kwa kutaja idadi ya vishikwambi atakavyonunua, ujue tumerudi 1979 na chaji.

26/ Shangazi sasa ana nywila yake, ameiandika kwenye kidaftari cha maziwa, kwa mkono wake. Najua wataalamu wa usalama mtanipigia kelele. Lakini mwandiko ni ule aliofundishwa chini ya mti na mwalimu aliyelipwa kidogo, miaka zaidi ya 40 iliyopita, na bado unafanya kazi. Kama uzi huu umekusaidia, msomee mtu ambaye hawezi kuusoma.