Safari ya Kaimati: Kutoka Baghdad Hadi Duka la Mangi

Nusu kilo ya unga wa ngano, nusu ya sukari, pakiti ndogo ya hamira, mafuta ya kupima na iliki chache. Mtoto akitumwa kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, saa nane mchana akarudi na vitu hivyo, adhana ya magharibi itakuta kaimati zimeshaingia kwenye shira. Ni pishi jepesi, na sehemu kubwa ya muda wake ni kungoja unga uumuke. Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu, futari bila sahani hiyo huonekana pungufu, na kwa kuwa ipo kila mwaka hakuna anayeuliza ilitoka wapi.

Ilitoka mbali. Mwaka 1226, mjini Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambacho kimesalia hadi leo. Humo mna pishi liitwalo luqam al-qadi: unga wa ngano unakandwa, unaachwa uchachuke, unachotwa vidonge vidogo, unakaangwa kwa mafuta ya ufuta, kisha vidonge vinachovywa kwenye shira na kunyunyiziwa sukari iliyosagwa. Msomee mpishi wa Mkunazini, Unguja, au wa Kibokoni, Mombasa, maelezo hayo, naye atakwambia hizo ni kaimati, basi.

Miaka 32 baadaye, mwaka 1258, Wamongolia waliiteka Baghdad na kuibomoa. Lakini pishi lilikuwa limeshaenea. Waturuki wana lokma, ambazo mpaka leo watu huzikaanga kwa masufuria makubwa na kuwagawia wapita njia kwa ajili ya kuwarehemu wafu wao. Wagiriki wana loukoumades za asali na mdalasini. Waarabu wa Ghuba wana luqaimat, na wao hupenda kuzimwagia asali ya tende na kuzinyunyizia ufuta. Kaimati zetu ni ndugu wa hizo zote.

Pwani ya Afrika Mashariki, hata hivyo, haikuwa nchi ya ngano. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wa kisiwani hawalimi nafaka, huletewa kutoka bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Mchele, mtama na wimbi vilijulikana pwani. Ngano haistawi kwenye joto na unyevu wa mwambao. Aliyetaka mkate wa ngano ilimbidi angoje upepo wa kaskazi ulete majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kisha Seyyid Said wa Oman alipohamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, majahazi yakazidi, na pamoja nayo watu waliokwishazoea vyakula vya Maskati. Lakini chakula kinachotegemea ngano ya jahazi na sukari ya jahazi hakiwezi kuwa cha kila nyumba. Kwa maoni yangu, historia ya kaimati kama chakula cha watu wote inaanzia dukani zaidi kuliko jikoni.

Mtu mmoja anastahili kutajwa hapa. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch huko India, alifika pwani yetu akiwa kijana mdogo mwaka 1863, akafanya kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo. Baadaye alianza biashara yake mwenyewe, akafungua duka baada ya duka kwenye njia za misafara, na reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, maduka yake yaliifuata njia hiyo mpaka Uganda. Alipofariki mwaka 1916, duka la Mhindi lilikuwa jambo la kawaida katika miji ya bara. Nyuma ya kaunta za maduka ya namna hiyo unga, sukari, chumvi na mafuta viliuzwa kwa kiasi ambacho mtu wa kipato kidogo angeweza kununua. Kilo moja iligawanywa nusu, nusu ikagawanywa robo. Mangi wa leo anayekupimia mafuta kwa kibaba anaendeleza desturi hiyo, na bila desturi hiyo kaimati zingebaki kwenye nyumba za wenye uwezo.

Unga nao ukaanza kupatikana karibu. Lord Delamere, mlowezi wa Kiingereza aliyehangaika na ngano huko Njoro na kuona ugonjwa wa kutu ukiimaliza mashambani, alianzisha kampuni ya Unga Limited mwaka 1908 ili ngano ya Kenya isagwe Kenya. Ardhi ile ya Bonde la Ufa ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wafugaji, na hilo haliwezi kutengwa na habari ya unga mweupe.

Tanzania ina kisa chake, na kinauma zaidi kwa sababu kilitokea baada ya uhuru. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970, kwa msaada wa Canada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano Basotu, wilayani Hanang: mashamba saba, kila moja la eka 10,000 hivi. Kwa Wabarabaig, wafugaji wa huko, ardhi hiyo ilikuwa malisho, njia za ng'ombe na makaburi ya wazee wao. Walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua sehemu kubwa ya ushindi huo. Mijini tulikula mikate, maandazi na kaimati bila kuwafikiria watu wa Hanang, na nadhani tulipaswa kuwafikiria.

Ngano hiyo yote haikutosha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi iliishiwa fedha za kigeni, na duka likabaki rafu tupu. Sukari, unga wa ngano, sabuni na mafuta ya kula vikawa vitu vya foleni na vibali, vikitoka kwa mgawo kupitia RTC, yaani kampuni za biashara za mikoa, na maduka ya ushirika. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya uhujumu uchumi na walanguzi wakasakwa nyumba kwa nyumba. Kaimati ni unga, sukari na mafuta, yaani vitu vitatu kati ya vile vilivyoadimika kuliko vyote. Nafuu ilianzia Zanzibar, ambako Ali Hassan Mwinyi alifungua milango ya biashara alipokuwa Rais wa visiwa hivyo mwaka 1984. Mwaka uliofuata akawa Rais wa Muungano, na watu wakamwita Mzee Ruksa.

Hamira ina historia yake pia, fupi na yenye manufaa makubwa. Kwa karne nyingi mpishi aliweka donge la unga uliochachuka ili achanganye na unga wa kesho. Kazi ilikwenda polepole, na chachu ikiharibika kwa joto alianza upya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Fleischmann ya Marekani ilitengeneza hamira kavu isiyohitaji barafu, kwa ajili ya wanajeshi. Mwaka 1973 kampuni ya Lesaffre ya Ufaransa ikatoa hamira ya chengachenga inayochanganywa moja kwa moja na unga mkavu. Pakiti hiyo ndiyo iliyolifanya pishi la kulaza usiku kucha liwe la mchana mmoja.

Duka letu bado linategemea bahari. Ngano nyingi tunayokula inatoka nje, Urusi ikiwemo, na mafuta mengi ya kukaangia ni ya mawese kutoka Indonesia na Malaysia. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, bei ya unga ilipanda. Tarehe 28 Aprili mwaka huo huo, siku chache kabla ya Idi, Indonesia ikazuia mafuta yake ya mawese yasiuzwe nje, na zuio lilidumu mpaka Mei 23. Wanawake wanaokaanga barazani na kuuza kwa mafungu walibanwa na vita na maamuzi ya serikali za mbali ambazo hawana sauti kwazo. Wanastahili kufikiriwa kila sera ya unga na mafuta inapopangwa, maana mtaji wao ni wa siku moja.

Kwa atakayezipika: vikombe viwili vya unga, kijiko cha chai cha hamira, chumvi kidogo, na maji ya vuguvugu kikombe kimoja na robo hivi. Wengine huongeza kijiko cha mtindi. Upigepige kwa mkono, ukiuinua na kuuangusha bakulini, mpaka uvutike kama ute na uache vidole. Funika mpaka uumuke mara mbili. Chovya mkono kwenye maji, uchote unga, ukunje ngumi, na kidonge kitoke juu kati ya kidole gumba na cha shahada. Kitelezeshe kwenye mafuta ya moto wa wastani. Moto mkali huziivisha nje na kuziacha mbichi ndani. Ukizigusagusa kwa upawa zitajigeuza zenyewe mpaka ziwe na rangi ya dhahabu.

Shira ya pwani yetu ni nzito kuliko ya Maskati. Chemsha sukari na maji kidogo pamoja na iliki mpaka ivute uzi kati ya vidole, tia kaimati, kisha zigeuzegeuze juu ya moto mdogo hadi sukari igande na kuzivika ganda jeupe. Zitoe mapema, kabla hazijashikamana, na uzitandaze kwenye sinia zipoe.