Honfleur

Honfleur ni mji mdogo wa bandari huko Normandie, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye mlango wa mto Seine. Samuel de Champlain aling'oa nanga hapa mwaka 1608 kwenda kuanzisha Québec. Baadaye merikebu za mji huu zilishiriki pia biashara ya watumwa. Mchoraji Eugène Boudin (1824) na mtunzi wa muziki Erik Satie (1866) walizaliwa hapa.

Mgeni wa siku mbili aanzie kanisa la Sainte-Catherine. Lilijengwa kwa mbao na mafundi wa merikebu baada ya Vita vya Miaka Mia, na kazi ya mikono yao haijifichi: ukiinua macho ndani, dari ni jahazi lililopinduliwa, mbavu zote zikionekana. Mnara wa kengele umesimama peke yake, ng'ambo ya uwanja. Karibu na hapo ni Vieux Bassin, gati la karne ya 17 lililozungukwa na nyumba ndefu nyembamba, zilizovikwa mawe bapa ya kijivu. Alfajiri ndiyo saa yake, maji yakiwa yametulia na kuta zikijitazama ndani yake.

Mabasi ya kuja hapa hutoka Le Havre, mji wa ng'ambo ya mto, kupitia daraja la Normandie, lililofunguliwa 1995.