Sombe, maharagi na watoto wetu: chakula kisicho na nyama kina historia yake



Mwezi uliopita hapa Nyarugusu tulikuwa chini ya mwembe, pale tunapowasaidia akina mama wenye watoto wadogo kujifunza mapishi. Alikuja mgeni, dada mmoja wa shirika, akatuambia kwamba yeye hali nyama, samaki, mayai wala maziwa. Kwao mtu wa hivyo anaitwa vegani. Tulipotafsiri, akina mama walicheka mpaka kinu kikasimama. Mama mmoja mzee wa Fizi akasema, "Basi sisi wote humu ni vegani tangu tushuke kwenye lori, ila hakuna aliyetupatia hilo jina." Dada naye akacheka sana.

Ila kulikuwa na mama mmoja kijana ambaye hakucheka. Mtoto wake wa mwaka na nusu alikuwa ametoka kutibiwa bwaki. Baadaye alitueleza kwamba maharagi ya mgao alikuwa anayauza anunue sukari na majani ya chai, na mtoto akawa anakula uji mweupe na chai ya rangi. Sombe alikuwa anaitupa jina, "chakula cha wakimbizi." Aliona aibu majirani wakimkuta anatwanga majani kila siku. Tukasema hapana, hili lazima tuliandike, kwa sababu mtoto alikaribia kufa na chakula kilikuwa ndani ya nyumba.

Tuanze na hilo jina. Neno vegani si la zamani. Lilitungwa Uingereza mwaka 1944 na Donald Watson na wenzake, wakati wa vita, walipounda chama chao cha watu wasiotumia kitu chochote cha mnyama. Wao walichagua. Bibi zetu hawakuchagua, na tusidanganyane: wa Uvira, Fizi na Baraka walikula ndakala za ziwa Tanganyika, wa Burundi walikuwa na ng'ombe na maziwa. Lakini nyama ilikuwa ya sikukuu na ya wageni. Chakula cha kila siku kilitoka shambani, na watoto walikua.

Na hicho cha shambani tunachokiita cha asili, sehemu kubwa ni mgeni kama sisi. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta kwenye mdomo wa mto Kongo katika karne ya 16, halafu ukapanda bara taratibu. Mahindi, karanga na maharagi haya mekundu navyo vilivuka bahari hiyohiyo. Vya kwetu vya tangu zamani ni mtama, ulezi, kunde, njugu mawe na mawese. Ajabu ni majani ya muhogo. Wakongomani wa Kinshasa wanaita pondu, sisi wa mashariki na Warundi tunaita sombe, Watanzania kisamvu. Majani yale mabichi yana sumu. Mtu wa kwanza aliyeyatwanga, akayachemsha muda mrefu, akaweka mawese na karanga, sisi tunaamini alikuwa mwanamke mwenye watoto na njaa nyumbani. Hakuna kitabu kilichoandika jina lake.

Upande wa Burundi na Rwanda muhogo uliongezwa kwa amri. Baada ya njaa kali ya 1928 na 1929, ile Wanyarwanda wanayoiita Rwakayihura, Wabelgiji waliwalazimisha watu kulima muhogo na viazi vitamu, kwa sababu mizizi hukaa ardhini ikisubiri. Ni kweli uliokoa watu. Ila muhogo ni mkali kwa mtu mwenye haraka. Mwaka 1938, huko Kwango, magharibi ya Kongo, daktari Trolli aliandika kuhusu ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake kama miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na hairudi tena. Unashika zaidi watoto na akina mama. Chanzo chake ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, ukiliwa wiki kwa wiki bila maharagi wala kitu kingine cha kujenga mwili. Wakati wa vita na ukame ndipo unatokea, kwa sababu watu wanakatisha zile siku tatu za kuloweka. Kwa hiyo ukimsikia mama mzee anagomba, "Huo muhogo haujalala maji!", usimwone mkorofi.

Sasa turudi kwa bwaki, ndipo penye uzito.

Wengi mnaijua: mtoto miguu inavimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo, nywele zinakuwa nyekundu, hataki kula, analia kwa sauti ndogo. Wazungu walichelewa kuuelewa. Cicely Williams, daktari mzaliwa wa Jamaica, alikuwa anafanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Aliwaona watoto hao, wengi walikuwa wanalishwa uji wa mahindi peke yake. Aliandika mwaka 1933, na mwaka 1935 akautumia jina ambalo Waga wenyewe walikuwa nalo: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anaponyang'anywa nafasi na mdogo wake. Tafakarini kidogo. Wale akina mama wa Kiga walikuwa wameshaiona sababu na kuitia ndani ya jina: mtoto ameachishwa ziwa kwa kuwa mwingine amezaliwa. Daktari aliwasikiliza, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa kwetu. Kule Kivu jina ni bwaki. Bukavu ilikuwa hata na kamati ya kupigana na bwaki, na Lwiro, si mbali na hapo, pana hospitali ambayo kwa miaka mingi imetibu watoto hao.

Mpaka leo wataalamu wanabishana kama ni ukosefu wa protini tu au kuna mengine. Lakini wote wanakubali kwamba uji wa unga mmoja haumtoshi mtoto anayeachishwa ziwa. Si lazima kuwe na nyama. Kinachotakiwa ni mchanganyiko. Mahindi yana upungufu fulani ambao maharagi yanauziba, na maharagi yana upungufu ambao mahindi yanauziba. Bibi aliyepika maharagi na mahindi katika chungu kimoja hakusoma hayo, lakini alikuwa anayafanya.

Shida nyingine ni tumbo. Tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo kama ngumi yake. Uji mzito hawezi kuumeza, ukiongeza maji anashiba maji. Hapa kuna kitu kizuri ambacho hata sisi hatukukijua mpaka mwaka huu. Miaka ya 1980 wataalamu wa lishe wa Tanzania walichukua kimea, ule ulezi au mtama ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, wakaweka kijiko kidogo ndani ya uji mzito wa moto. Uji unalegea wenyewe, unateremka, bila kuongeza maji. Mtoto anakula unga mwingi zaidi kwa tumbo lilelile. Tulipowaonyesha akina mama, yule mama wa Fizi akapiga kofi: "Kumbe ni ile ya pombe!" Ndiyo, mama, ni ileile. Ujuzi ulikuwa kwenye mtungi wa pombe miaka yote, hakuna aliyeuleta kwenye sufuria ya mtoto. Ila baada ya kuweka kimea urudishe uji motoni uchemke kidogo.

Hata zile paketi za karanga za watoto wenye utapiamlo, Plumpy'Nut, zilibuniwa mwaka 1996, mwaka uleule kambi yetu ilipofunguliwa kwa ajili ya wazee wetu waliokimbia Kivu ya Kusini. Aliyezibuni, daktari André Briend wa Ufaransa pamoja na mwenzake Michel Lescanne, walitegemea karanga, mafuta na sukari, wakaongeza maziwa ya unga na vitamini. Karanga iliyosagwa! Bibi yako angekuuliza kwa nini ilichukua muda wote huo.

Tuseme na upande mwingine, tusije tukawadanganya. Kuna kitu kimoja ambacho majani na mbegu hazina, kinaitwa vitamini B12. Kilipatikana maabara mwaka 1948, miaka minne baada ya wale vegani wa Uingereza kuanza, na baadhi yao walikuwa wameshaugua kabla hawajajua kinachowapungua. Mama anayenyonyesha akikikosa, na maziwa yake yanakikosa. Tulimuuliza yule dada mgeni anafanyaje, akatoa kidonge kwenye mkoba. Sisi hatuna mkoba wa vidonge. Tuna ule unga wa lishe wa mahindi na soya wanaopewa wajawazito na wanaonyonyesha, umewekewa vitamini hiyo. Kwa hiyo mama, usiuuze, wala usiwagawie watu wazima wa nyumbani wote. Na ukipata kiganja cha ndakala, hata kidogo, kaanga bila mafuta, twanga, nyunyizia kwenye chakula cha mdogo. Huko ni kutoka kwenye uvegani, lakini sisi hatuna kiapo.

Kwa wafanyakazi wa mashirika tuna neno moja. Mgao unapopungua, kuni pia ni chache. Maharagi makavu yanakula moto wa masaa, na mama anayeyauza mara nyingine anauza kwa sababu hana cha kuyapikia. Kuyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji kunasaidia sana, lakini anahitaji ndoo yenye kifuniko.

Yule mama kijana sasa anakuja kila Jumatano. Ana gunia la lengalenga mlangoni. Mtoto wake alikataa sombe mara nne, mara ya tano akalia tulipomwondolea sahani. Wiki hii tunatwanga kimea, saa tatu asubuhi, mwembe uleule. Mwenye mchi wa ziada aje nao, wetu umepasuka.