Kasha la kompyuta: miaka 30 ya matundu yaleyale

Nyuma ya gereji moja mjini Masasi, chini ya mwembe, imening'inizwa mizani ya kupimia chuma chakavu. Siku niliyopita hapo palikuwa na mabati yaliyotoboka, fremu za baiskeli, pampu mbovu za kupulizia salfa kwenye mikorosho, na juu ya rundo lote makasha kumi na moja ya kompyuta za mezani, yale ambayo huku kwetu kila mtu anayaita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni kipande kidogo kinachokaa ndani. Yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Milango ya pembeni ilikuwa imevuliwa na matumbo yote yametolewa. Kijana wa mizani alikuwa akiyakanyaga kwa buti moja baada ya jingine, yabonyee, yasijaze gari.

Nilimwomba asubiri kidogo, nikayageuza nitazame mgongoni. Saba kati yake yalikuwa ya vipimo vya ATX. Julai 2025 vipimo hivyo vilitimiza miaka 30 tangu vilipotolewa na kampuni ya Intel ya Marekani, na katika miaka yote hiyo matundu ya skrubu hayajahama. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, iliyotoka kiwandani mwaka huu inakaa kwenye kasha la mwaka 1998, tundu kwa tundu. Katika kompyuta nzima ni sehemu chache ambazo umri wake unafika hapo, na hii ndiyo tunayoikanyaga kwa buti.

Kasha halijaandikwa sana. Watu huandika historia ya akili ya mashine, si ya nyumba yake. Hii ninayoisimulia nimeipata zaidi kwa fundi mmoja wa hapa Masasi, aliyeanza kufungua mashine mwishoni mwa miaka ya 1990. Kwa upande wa taifa nimeegemea ripoti ya K. V. Mgaya kuhusu teknolojia ya habari Tanzania, iliyochapishwa mwaka 1994 katika kitabu cha Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa.

Fundi anapenda kuanza na mbao. Mwaka 1976 Steve Jobs na Steve Wozniak waliuza kompyuta yao ya kwanza, Apple-1, ikiwa bodi tupu. Mnunuzi alitoa dola 666.66, akapewa bodi, halafu akajitafutia pawa saplai, kibodi na nyumba ya kuviweka. Duka la Byte Shop, California, lilizivisha baadhi ya bodi hizo makasha ya mti wa koa wa Hawaii. Moja ya hizo za koa iliuzwa mnadani Novemba 2021 kwa dola 400,000. Kila ninapolikumbuka hilo nawaza maseremala wa Newala na wachongaji wa mpingo wa uwanda wa Makonde. Kasha hilo la koa lilitoka kwa mtu mwenye randa na gundi, na kazi ya namna hiyo haikuwahi kutushinda.

Lakini mwaka huo wa 1976 hakuna seremala wa Newala ambaye angeletewa bodi aivishe, maana nchi ilikuwa imefunga mlango.

Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya kampuni ya Kiingereza, aina ya ICT 1500. Serikali ikaikabidhi kazi kubwa ya hesabu zake, na hesabu zikavurugika. Mitambo ilikuwa ya gharama, wataalamu wake wageni, na aliyekuwa na kalamu na daftari akajikuta hana pa kuhakiki. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 malalamiko yalikuwa yamejaa, na fedha za kigeni zilikuwa zikikauka kwa sababu mafuta yalipanda bei na ukame ukalazimisha nchi kununua mahindi nje. Mwaka 1974 ikatoka amri kwamba ni marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake. Televisheni nazo zikatiwa katika amri hiyohiyo, wakati Zanzibar ilikuwa tayari ina televisheni ya rangi.

Wakongwe wa serikali bado huitetea amri ile, na sehemu ya hoja yao naikubali. Huku kusini mwaka 1974 watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, na wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji walikuwa Nachingwea wakijiandaa kurejea kwao baada ya vita vya miaka kumi. Nani angesimama Masasi adai kompyuta? Shilingi iliyokwenda Uingereza kulipia mtambo wa Hazina ilikuwa shilingi ya dawa na ya mahindi. Aliyeitaka mashine kwa dhati angeweza kuomba kibali maalumu, na taasisi chache zilikipata.

Ninachokikataa ni upana wa ile amri. Ugomvi ulikuwa wa Hazina na mitambo yake mikubwa, lakini hukumu ikaangukia kila kitu chenye jina la kompyuta. Januari 1975, miezi michache tu baadaye, jarida la Popular Electronics la Marekani lilitoa ukurasani mwake wa mbele Altair 8800, kompyuta iliyouzwa vipande vipande ili mtu aiunge mwenyewe nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipogeuka duniani. Mashine ilikuwa imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ikafika juu ya meza ya jikoni, pamoja na bisibisi na chuma cha kulehemu risasi. Amri yetu iliandikwa kwa ajili ya simba ikamzuia na paka. Ilipolegezwa kwa vibali katika miaka ya 1980, kisha ikayeyuka na soko huria, kizazi kizima cha mafundi wa redio wa Masasi, Ndanda na Newala, watu waliokuwa wakisoma rangi za rezista kama wanavyosoma herufi, kilikuwa kimezeeka bila kugusa mazabodi. Fundi wangu alifundishwa kulehemu na mmoja wao. Anasema mzee yule alipoonyeshwa ndani ya kompyuta kwa mara ya kwanza, mwaka 1999, alinyamaza muda mrefu, kisha akaomba apewe miwani yake.

Nje ya nchi, katika miaka ya amri ile, kasha lilikuwa limekwishapata sura yake. Agosti 12, 1981 IBM ilitoa PC yake ya kwanza, kasha la chuma la kulala, skrini yake ikiketi juu yake, na ndani nafasi tano za kadi. IBM ilichapisha pia kitabu cha ufundi chenye michoro ya mashine yote. Kwa hiyo kampuni nyingine zikaweza kutengeneza mashine zinazofanana nayo, Compaq ya Houston ikiwa mbele. Viwanda vya Taiwani vikaanza kukunja makasha ambayo matundu yake yanapokea bodi ya mtu yeyote. Mwaka 1987 IBM ilijaribu kuweka kufuli kwa mashine za PS/2, nyingi zikiwa na nafasi za kadi za aina yake peke yake, na mwaka uliofuata kampuni tisa zikaungana kuikataa njia hiyo. Mashine za PS/2 zilizosimama sakafuni ziliacha mtindo wa kasha la wima. Kufuli lenyewe halikushika.

Makasha ya kwanza kufika Masasi ya kuungwa na mafundi yalikuwa ya mtindo wa AT, uliotangulia ATX, nayo yalikuwa hatari. Swichi yake ya mbele ilikata umeme wa ukutani wenyewe, kwa hiyo volti 230 zilipita kwa waya kutoka nyuma hadi kwenye swichi iliyo chini ya kidole cha mtumiaji. Pawa saplai yake ilikuwa na plagi mbili pacha, P8 na P9, zinazochomekwa sambamba kwenye mazabodi. Ukizibadilishana, bodi inaungua papo hapo. Mafundi walifundishana kwa maneno matatu, nyeusi kwa nyeusi, yaani nyaya nyeusi za plagi zote mbili zikutane katikati. Fundi wangu bado anayatamka akifunga mashine, ingawa plagi hizo hajaziona kwa miaka mingi.

ATX ilimaliza hofu hiyo. Plagi ikawa moja, yenye umbo lisilokubali kugeuzwa. Swichi ya mbele ikawa inatuma ishara ndogo tu kwa mazabodi. Bodi ikawa na milimita 305 kwa 244, dirisha la nyuma la plagi likapewa kipimo kimoja, pawa saplai nayo ikapata umbo lake, upana wa milimita 150 na kimo cha 86. Mwaka 1997 ikafuata microATX, 244 kwa 244, ndugu mdogo anayeingia kwenye kasha la kaka yake kwa matundu yaleyale.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, aliongoza serikali iliyoondoa ushuru kwenye kompyuta, na Machi 2003 ikatoka sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA. Agosti mwaka huohuo daraja la Rufiji, kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam kuja kusini, likafunguliwa kwa jina lake, kivuko cha Ndundu kikapumzika. Ila kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa udongo kwa miaka mingi, na kila kompyuta iliyopanda basi Kariakoo ilikilipia. Sipiyu zilifika Masasi skrubu zimelegea, feni ya prosesa imening'inia kwa mguu mmoja. Fundi wangu alizoea kulitikisa kasha sikioni kabla ya kuliwasha, kama mtu anayenunua nazi.

Pamoja na nafuu ya ushuru ikaja mitumba kutoka maofisi ya Ulaya na Ghuba: OptiPlex za Dell, na HP za kila namna. Ni mashine imara, nami nimeandikia magazeti kwenye moja kwa miaka. Tatizo lake ni nyumba. Baadhi ya OptiPlex za katikati ya miaka ya 2000 zilifuata BTX, mpango ambao Intel iliuanzisha na kuuacha mwaka 2006, na ndani bodi imegeukia upande wa pili. Nyingine za baadaye zina plagi ya umeme ya aina yake. Pawa saplai ikifa Newala, ya dukani haiingii. Bodi ikifa, kasha zima linakwenda kwenye mizani, na hapo sina wa kumlaumu. Lakini yale saba niliyoyakuta chini ya mwembe hayakuwa hivyo. Yalipelekwa na watu walioamini kwamba cha zamani ni kibovu.

Anayeunga kompyuta yake nyumbani leo, fundi anamwambia asianze na mwanga wala kioo, aanze na matundu ya ATX na mahali pa pawa saplai ya kawaida. Kisha abonyeze mlango kwa dole gumba. Bati likizama na kulia, feni itaimba nalo usiku kucha. Apitishe kidole ukingoni, maana kasha la bei ya chini halikukunjwa kingo zake na litamchana. Halafu kuna vumbi, na hapa fundi huongea kwa ukali. Kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, vumbi la uwandani ni laini kama unga wa muhogo. Kasha lenye feni zinazotoa hewa nyingi kuliko zinazoingiza litavuta vumbi hilo kwenye kila ufa. Feni za kuingiza ziwe na nguvu zaidi, na mbele yake pakae chujio, hata ikiwa soksi nyembamba ya kike iliyonyooshwa kwenye fremu ya waya. Vibati vya kuziba nafasi za kadi mgongoni visitupwe. Palipokosekana kibati kimoja amewahi kukuta mayai ya mjusi juu ya mazabodi.

Kuhusu miaka ya karibuni hana mengi ya kusema, nami pia. Kuta za kioo zimeshika soko, taa za rangi zinazunguka kwenye feni, na vijana wa Masasi huyaona makasha hayo kwenye simu zao. Ndani ya kioo, matundu ni yaleyale.

Nilinunua kasha moja kati ya saba kwa bei ya chuma, kwa kilo. Nilipofika nalo nyumbani Lulindi nililifuta kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kisha nikaweka ndani mazabodi ya microATX ambayo nilikuwa nayo kabatini. Niliondoa kwanza nguzo za shaba zilizokaa mahali pasipo na tundu, kwa sababu nguzo moja ikisahaulika chini ya bodi inaleta shoti. Skrubu zote ziliingia kwa mkono. Pawa saplai mpya ilikaa kwa skrubu nne, bila kuchonga kitu.

Jirani yangu ni fundi bati anayetengeneza matranka ya wanafunzi wa bweni. Alikuja kutazama, akalipiga kasha kwa kidole kusikia unene wake, akasema bati kama hilo analikunja kila Januari. Akaomba nimtolee mazabodi. Aliilaza juu ya kipande cha boksi, akatia alama kila tundu kwa msumari, kisha akaniuliza ile kubwa ina vipimo gani. Ukutani kwake, kati ya oda za matranka, ameandika kwa mkaa 305 kwa 244, na chini yake amechora matundu tisa.