Kwa nini mayai ya kambale hayaanguliwi Mbeya na Iringa?

MFUGAJI anayetotolesha vifaranga vya kambale katika mikoa ya Mbeya na Iringa huufahamu uchungu wa asubuhi ya pili. Jioni alikamua mayai mazuri yenye rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, akayatandaza juu ya wavu ndani ya maji, kisha akaenda kulala akiwa na matumaini. Kunapokucha, mengi yamegeuka meupe. Kesho yake yamefunikwa na ukungu unaofanana na pamba, na vifaranga walio hai ni wa kuhesabika.

Hasara hiyo si ndogo. Kambale jike mmoja aliyekomaa huweza kutoa makumi ya maelfu ya mayai, lakini kambale dume hakamuliki kama jike. Ili kupata manii yake, kwa kawaida huuawa na kutolewa korodani. Kwa hiyo kila jaribio linaloshindikana humgharimu mfugaji dume mmoja, dozi ya homoni na muda wa jike kupata mayai mengine. Mabwawa yaliyokwisha kuchimbwa hubaki matupu.

Njia hiyo hutumika kwa sababu kambale hazai kwa urahisi bwawani. Katika mito na maziwa husubiri mvua na mafuriko, kisha hutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Bwawani mayai hukomaa tumboni, lakini ishara ya kutaga haipatikani, na ndiyo maana jike huchomwa sindano ya homoni au ya dondoo la tezi ya pituitari ya kambale mwingine.

Mambo yakiharibika, wa kwanza kulaumiwa huwa ni homoni au aliyeiuza. Hata hivyo, kabla ya kulaumu, mfugaji anapaswa kujibu swali moja: je, mayai hayakurutubishwa, au yalirutubishwa kisha yakafa? Makosa hayo mawili hufanana machoni siku ya mwisho, lakini chanzo na tiba yake ni tofauti kabisa.

Hesabu mara mbili

Jibu hupatikana kwa kuhesabu. Tenga kipande kidogo cha wavu chenye mayai 100. Hesabu ya kwanza ifanyike takriban nusu ya muda wa kuanguliwa. Yai lililorutubishwa huwa angavu, na kiinitete huanza kuonekana ndani yake; lisilorutubishwa au lililokufa huwa jeupe. Hesabu ya pili ni ya vifaranga walioanguliwa.

Tuchukue mfano wa wafugaji wawili ambao kila mmoja amepata vifaranga 20 kwa mayai 100. Wa kwanza, katika hesabu ya nusu ya muda, alikuta mayai angavu 25. Hasara yake ilitokea mwanzoni, hivyo achunguze wazazi, muda wa kukamua na namna alivyochanganya manii. Wa pili alikuta mayai angavu 80. Yeye alirutubisha vizuri, lakini mayai 60 yalifia majini. Achunguze joto, hewa, ukungu na usafi wa maji.

Baridi hubadili saa

Katika Nyanda za Juu Kusini, mtuhumiwa wa kwanza ni baridi. Jiji la Mbeya lipo takriban meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Manispaa ya Iringa ipo juu ya meta 1,500. Usiku wa Juni hadi Agosti maji yaliyo nje hupoa sana. Lakini ndani ya mkoa huo huo wa Mbeya ipo Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, yenye joto la bondeni. Na Iringa nayo ina Pawaga na ukanda wa Mtera. Maelekezo yanayofaa Kyela au Morogoro hayawezi kufuatwa saa kwa saa na mfugaji wa Uyole au Mafinga.

Joto huamua mambo mawili. La kwanza ni muda kati ya sindano na kukamua. Katika maji ya nyuzijoto 28, jike huwa tayari baada ya takriban saa 8. Kwa nyuzijoto 25 husubiri takriban saa 11, na kwa nyuzijoto 20 takriban saa 21. Anayekamua mapema huyalazimisha mayai mabichi, ambayo hutoka kwa shida na pengine na damu. Anayechelewa hukuta mayai yaliyopitiliza, ambayo hayarutubishiki vizuri hata manii yakiwa bora. Mayai yaliyo tayari hutiririka kwa kubonyezwa tumbo kidogo tu.

La pili ni muda wa kuanguliwa. Kwa nyuzijoto 28 mayai huanguliwa baada ya takriban saa 22. Kwa nyuzijoto 25, saa 27. Kwa nyuzijoto 22, saa 38. Na kwa nyuzijoto 20, saa 57. Saa hizo za ziada ndizo ukungu unazozihitaji. Huanzia kwenye mayai yaliyokufa, kisha nyuzi zake huyafunika yaliyo hai jirani yake.

Kwa sababu hiyo kipimajoto ndicho kifaa cha kwanza cha kununua. Maji ya wazazi na ya mayai yawe na joto linalolingana, hasa kati ya nyuzijoto 26 na 28, na yasipande mchana na kushuka usiku. Yapimwe alfajiri, si saa sita mchana tu. Anayetumia hita ya umeme afikirie umeme utakapokatika: chumba kidogo kisichopitisha upepo, matangi yaliyofunikwa pembeni kwa maboksi ya povu, na chupa za maji ya moto zilizozibwa vizuri huweza kuokoa usiku mmoja. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kwa maisha ya binadamu.

Kosa likiwa mwanzoni

Iwapo mayai mengi ni meupe katika hesabu ya kwanza, tazama jinsi manii yalivyochanganywa. Mbegu za kiume za kambale huamka zinapokutana na maji, na nguvu zake za kuogelea hudumu takriban dakika moja tu. Yai nalo hunyonya maji na tundu lake la kupokelea mbegu hufunga upesi. Tone la maji kwenye beseni, au mikono iliyolowa, hutosha kuharibu kazi.

Utaratibu sahihi ni kumkausha jike kwa kitambaa, kukamulia mayai kwenye beseni kavu, kuchanganya manii taratibu, na ndipo maji safi yatiwe. Manii huweza kuongezwa ujazo kwa maji ya chumvi ya gramu 9 kwa lita moja, ambayo hayaziamshi mbegu.

Wazazi pia wakaguliwe. Kambale waliokaa miezi ya kipupwe katika bwawa la nje lenye baridi mara nyingi hawana mayai yaliyokomaa, na hakuna dozi ya homoni inayoweza kuyakomaza usiku mmoja.

Kosa likiwa majini

Mayai yakiwa mengi mno hukosa hewa. Yatandazwe kwa tabaka moja, maji yapite taratibu, na pampu ya hewa ifanye kazi wakati wote. Katika mwinuko wa Mbeya kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, hivyo maji hubeba oksijeni kidogo zaidi, na yakipashwa joto hupungua tena. Maji ya kisima kirefu nayo yapewe hewa kwanza, na ya bomba yaondolewe klorini kwa kuachwa wazi huku yakipulizwa hewa.

Vifaranga wakishaanguliwa, wavu wenye maganda na mayai mafu uondolewe mara moja. Aidha, dawa ya malakaiti ya kijani, ambayo zamani ilitumika dhidi ya ukungu, hairuhusiwi kwa samaki wa kuliwa Ulaya na Marekani kutokana na madhara yake, isitumike.

Wanaofuga samaki wa mapambo mijini wanaweza kutumia hesabu hiyo hiyo. Diskasi, samaki wa bonde la Amazon, huhitaji maji laini ya nyuzijoto 28 hadi 30. Mayai yake yote yakiwa meupe, chunguza kama wazazi wote wawili si majike, na kama maji si magumu mno. Yakiwa angavu kisha yakatoweka, huenda wazazi wameyala.

Ushauri zaidi hutolewa na maofisa uvuvi wa halmashauri, Kituo cha Ruhila kilichopo Songea, pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Lakini mtaalamu atauliza kwanza joto lilikuwa kiasi gani, sindano ilichomwa saa ngapi, na mayai mangapi yalikuwa angavu. Mfugaji aliyeyaandika hayo kwenye daftari atapata tiba. Asiyeyaandika atamchinja dume mwingine kwa kubahatisha.