GITAA LA BESI NI LA NANI? HISTORIA YA VYOMBO VYA WAPIGA BESI NA FUNZO LAKE KWA ANAYEPIGA LEO

Muulize shabiki wa dansi nani aliimba wimbo anaoupenda, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize nani alipiga solo, hapo atakuna kichwa kidogo lakini atakumbuka. Sasa muulize nani alipiga besi. Kimya. Na besi ndiyo iliyomnyanyua kwenye kiti siku ile!

Makala hii ni ya hao wasiotajwa, na zaidi ni ya vyombo vyao. Kwa mpiga besi, historia ya vyombo ndiyo historia ya mkate wake: gitaa ni la nani, spika ni za nani, na siku bendi ikivunjika nani anaondoka na nini mkononi.

KABLA YA UMEME

Zamani mpiga besi alikuwa anasimama na chombo kirefu kuliko yeye mwenyewe. Lile besi kubwa la mbao, linalosimamishwa sakafuni kama mtu, ndilo lililopiga jazz ya Marekani na ndilo lililosikika kwenye rumba ya Kongo miaka ya 1950. Zanzibar bado lipo mpaka leo kwenye vikundi vya taarab asilia, kwa mfano Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905.

Chombo kile ni kitamu lakini kina mateso matatu. La kwanza, sauti yake ni ndogo, tarumbeta na ngoma zikianza halisikiki. La pili, kulibeba ni kazi, kwenye gari linakula nafasi ya abiria kadhaa. La tatu, shingo yake haina vyuma vya kugawa noti, kwa hiyo ukikosea kidole kwa upana wa kucha tu, umetoka nje ya muziki.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hata gitaa alikuwa hajui kupiga. Alikuwa fundi redio wa mji wa Fullerton, California, mwenye kampuni ya Fender. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme, la mbao nzima isiyo na uwazi ndani, lenye vyuma shingoni. Akaliita Precision, yaani sahihi, kwa sababu vile vyuma vinakupa noti sahihi bila kubahatisha. Hakuwa wa kwanza kabisa, kule Seattle kuna fundi alijaribu kitu kama hicho miaka ya 1930, ila hakikushika soko. Hili la 1951 lilishika. Mtu mmoja anaweza kulivaa begani, kupanda basi na kwenda kazini.

Lakini gitaa bila amplifaya ni ubao tu. Waya mnene wa besi, ule wa E, unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde moja. Sauti nzito hivyo inahitaji nguvu kubwa zaidi ya ile ya gitaa la solo ili sikio liisikie sawasawa, na inahitaji spika inayosukuma hewa nyingi. Ndiyo maana mpaka leo ukichomeka besi kwenye amplifaya ndogo ya solo na kufungua sauti yote, spika inachanika. Mwaka uliofuata, 1952, kampuni ileile ikatoa amplifaya maalumu ya besi. Kumbi zikazidi kuwa kubwa, na mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ikaleta SVT, amplifaya ya taa yenye wati 300. Kichwa chake peke yake kilikaribia kilo 40, bado kabati la spika nane. Wenye migongo waliumia, lakini uwanja mzima ulisikia.

VYOMBO VYA BENDI

Sasa tuvuke bahari, tuje Dar es Salaam. Hapa bendi zilikuwepo zamani, Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Baada ya uhuru kikaja kitu kipya: bendi za mashirika. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi NUTA kikawa na bendi yake. Mwaka 1970 kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na ya kwake. Mwaka 1971 vijana wa TANU nao wakaja na Vijana Jazz. Polisi walikuwa nayo, jeshi walikuwa nayo.

Kwa mwanamuziki huu ulikuwa mpango mzuri, usibishe. Ulikuwa mwajiriwa, una mshahara wa mwezi kama karani au dereva. Magitaa, ngoma, spika, vyote vimenunuliwa na shirika. Wewe unakuja na vidole vyako tu.

Na humo ndimo mtego ulimokuwa. Gitaa lile lilikuwa linabaki stoo. Mpiga besi anaweza kulipiga miaka kumi, akalijua kila mkwaruzo, jasho lake likala rangi pale anapoegemeza mkono, lakini siku akigombana na uongozi anaondoka mikono mitupu. Hata akitaka kufanya mazoezi nyumbani, anafanyia kwenye gitaa la kopa au hafanyi kabisa. Ndiyo sababu wanamuziki wa wakati ule walihama kutoka bendi hadi bendi, na hawakuanzisha za kwao kirahisi. Kipaji walikuwa nacho, vyombo hawana.

Kununua vya kwako nako kulikuwa ndoto. Miaka ya mwisho ya 1970 na mwanzo wa 1980 nchi ilikuwa imebanwa kweli. Mafuta yamepanda, vita na Uganda ya 1978 na 1979 imekula hazina, fedha za kigeni hakuna. Sabuni yenyewe watu walipanga foleni. Nani angeagiza gitaa kutoka nje?

MWENYE VYOMBO AKIBADILI MAWAZO

Mwaka 1985 ikatokea kubwa mjini. Mfanyabiashara mmoja aliwavuta wanamuziki kadhaa wa bendi kubwa ya shirika la umma, akawapa mshahara mnono na vyombo vipya vinavyong'aa. Mji ulichemka, mashabiki waligawanyika kama Simba na Yanga, nyimbo nzuri zikatoka pande zote mbili.

Lakini angalia mwisho wake. Miaka michache baadaye mwenye bendi aliivunja. Vyombo ni vyake, biashara ni yake, hakuna wa kumlaumu kisheria. Wanamuziki wakabaki na majina na sifa, wakaanza tena kutafuta mtu mwenye vyombo. Mwimbaji angalau sauti anaondoka nayo kooni. Mpiga besi anaondoka na nini?

Msidhani ni mambo ya kwetu tu. Kule Detroit kulikuwa na mpiga besi wa studio za Motown ambaye vidole vyake viko kwenye nyimbo nyingi sana za miaka ya 1960 zilizotamba duniani. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada la santuri ya Motown hadi 1971. Huyu gitaa lilikuwa la kwake, Fender Precision la 1962, na lilimfuata kila mahali. Liliibiwa siku chache kabla hajafariki mwaka 1983. Mpaka leo halijapatikana.

NYUZI, CHUMVI NA UMEME

Wazee wa kazi walijifunza mambo kwa shida, na mengi bado ni dawa kwa anayepiga leo.

Nyuzi. Zilikuwa adimu, kwa hiyo hazikutupwa. Nyuzi za besi zilizokufa sauti hufunguliwa, zikachemshwa kwenye sufuria dakika kadhaa, zikakaushwa vizuri, zikarudishwa. Sio uchawi. Mafuta ya vidole na uchafu vinajaza mianya ya ule waya uliozungushwa, maji ya moto yanavitoa. Mlio unarudi, ingawa si kwa muda mrefu. Anayepiga Dar, Tanga au Mombasa ana adui mwingine, hewa ya chumvi. Kitambaa kikavu cha kufutia nyuzi kila baada ya shoo ni cha bei ya bure na kinaongeza maisha ya nyuzi kuliko kitu chochote. Ila jua pia kwamba yule bwana wa Detroit alitumia nyuzi laini zisizo na mikwaruzo na hakupenda kuzibadili kabisa. Alitaka ule mlio mzito wa "dum" usio na kelele. Kwa hiyo nyuzi za zamani si lazima ziwe mbaya, inategemea unatafuta mlio gani.

Waya. Waya wa gitaa na waya wa spika vinafanana kwa nje, vina jeki ileile, lakini ndani ni vitu viwili tofauti. Wa gitaa una utando wa kuzuia mikwaruzo na nyuzi zake ni nyembamba. Ukiutumia kuunganisha amplifaya na spika utapata moto, na mwisho utaunguza. Wa spika ukiuweka kwenye gitaa utasikia redio na mngurumo wa umeme. Na amplifaya ya taa usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, transfoma yake inakufa.

Umeme. Hapa si utani. Mwaka 1972 mpiga gitaa mmoja wa Uingereza alikufa jukwaani mbele ya watu, ameshika gitaa na kugusa maikrofoni, mitambo haikuwa na waya wa ardhi ulio sawa. Huku kwetu jenereta za sherehe mara nyingi hazina ardhi kabisa. Amplifaya yako ikiwa upande mmoja wa umeme na mixa upande mwingine, wewe mwenye nyuzi za chuma mkononi na mdomo kwenye maiki ndiye unakuwa waya. Mwambie fundi mitambo achomeke vyombo vyote vya jukwaani sehemu moja yenye ardhi, na apime kwa mita kabla hujaimba kiitikio. Ukisikia hata mtetemo mdogo mdomoni, simamisha. Bwana harusi atasubiri.

KINANDA KILIPOCHUKUA KITI

Miaka ya 1990 milango ya biashara ilikuwa imeshafunguka, vyombo vikaanza kuingia. Cha ajabu, kilichoingia kwa kasi kilikuwa kinanda. Mtu mmoja na kinanda chake anapiga ngoma, besi na nyuzi zote kwa mkono wa kushoto na vitufe. Mwenye baa akapiga hesabu: kwa nini alipe watu kumi? Kisha ikaja Bongo Fleva na shoo za CD, mwimbaji anafika na diski moja. Wapiga besi wengi waliweka gitaa chini, wengine walihamia kwenye bendi za hotelini na kwenye kwaya.

Makanisa ndiyo yaliyookoa jahazi. Vijana wengi wanaopiga besi vizuri leo wamejifunzia huko, kwenye gitaa la kanisa. Nalo, kama lile la NUTA, halitoki nje ya geti.

SASA LEO UNANUNUA NINI KWANZA?

Habari njema ni kwamba hakuna wakati ambao kumiliki kumekuwa rahisi kama sasa. Amplifaya ya wati 300 iliyokuwa kilo 40 leo inakaa kwenye begi la mgongoni, kilo mbili au tatu. Magitaa ya bei ya chini ya sasa, ukilipeleka kwa fundi akakaza shingo na kushusha nyuzi, yanapiga shoo bila aibu.

Kosa la vijana wengi ni kuanza na spika kubwa. Historia inasema vinginevyo. Kumbi nyingi na watu wa mitambo wana spika zao. Wewe miliki kile kinachogusa mkono wako.

Kwanza gitaa moja la kuaminika, lenye noti zilizokaa sawa mpaka juu ya shingo. Pili, waya mbili nzuri, sio moja, maana waya hufa katikati ya wimbo. Tatu, mkanda mpana, kwa sababu gitaa la kilo nne kwa saa tano ni mzigo, na bega halina spea. Nne, kisanduku cha DI, kile kinachopeleka sauti yako safi moja kwa moja kwenye mixa. Ukiwa nacho hata ukikuta ukumbi hauna amplifaya ya besi, unapiga. Wengi wao wana kitufe cha kukata ardhi ya waya wa sauti, kinaondoa mngurumo. Tano, kama gitaa lako linatumia betri ya volti 9, weka ya akiba mfukoni na uchomoe jeki ukipumzika, kwa sababu jeki ikikaa ndani betri inaendelea kuliwa.

Amplifaya ifuate baadaye, na spika mwisho kabisa. Na kabla hujakubali kazi kwenye bendi yenye vyombo vya tajiri, kubali kwa furaha, piga, pokea mshahara, lakini kila mwezi toa kidogo uweke pembeni kwa ajili ya gitaa lako mwenyewe. Wale wa zamani hawakupata nafasi hiyo. Hawakuwa wajinga, duka lilikuwa tupu.

Siku mwenye vyombo akibadili mawazo, na atabadili tu, wewe utavaa begi lako mgongoni na kesho yake utakuwa kazini kwingine.

Na wewe msomaji, kama mtaani kwenu kuna mzee aliyepiga besi kwenye bendi za zamani, nenda kamsalimie umuulize alipiga nyimbo zipi. Akikuruhusu, andika jina lake hapo chini. Redio haikulitaja.